Unywe nini baa ya ugenini ikiwa tumbo lako halipatani na ngano?

MGONJWA wa siliaki akiambiwa na daktari aache mkate, chapati, mandazi na keki, huelewa mara moja. Vyakula hivyo ni vya ngano, na ngano huonekana kwa macho. Lakini ushauri ukiishia hapo, mgonjwa ameachwa katikati ya njia. Jioni atapitia baa, aagize bia mbili baridi, na gluteni aliyoikataa mezani ataimeza kwa koo lile lile bila hata kutafuna.

Juma hili, msomaji, tuangalie vinywaji, na hasa vinywaji vya safarini. Nyumbani mtu huzoea. Anajua duka, anamjua mpishi, anajua pombe ya kwao imepikwa kwa kitu gani. Akivuka mpaka mambo hubadilika: majina ni mengine, na hata jina likiwa lile lile huenda nafaka ikawa nyingine. Simhimizi mtu yeyote kunywa pombe. Asiyekunywa aendelee vivyo hivyo, ila naye asiache kusoma, kwa sababu vipo vinywaji visivyo na kileo ambavyo humdhuru mgonjwa huyu sawasawa na bia.

Ugonjwa wenyewe

Siliaki si mzio wa kuwashwa ngozi dakika chache baada ya kula, wala si chakula kilichoharibika. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe kila anapokula au kunywa kitu chenye gluteni. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Ukitaka kuiona kwa macho yako, kanda donge la unga wa chapati, kisha ulioshe polepole ndani ya bakuli la maji. Wanga utatoka na maji meupe, na mkononi utabaki na kitu cha kunata kinachovutika kama chingamu. Hicho ndicho hufanya chapati isukumwe bila kukatika. Unga wa mahindi hauna, na ndiyo sababu hujapata kuona mtu akisukuma chapati ya unga wa ugali peke yake.

Ndani ya utumbo mwembamba mna vinyuzi vidogo mno, mithili ya manyoya ya zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Kwa mgonjwa wa siliaki manyoya hayo hulika hadi zulia likawa kama sakafu tupu. Chakula hupita bila kufyonzwa. Madini ya chuma yakikosekana, damu hupungua, kalsiamu ikikosekana, mifupa hudhoofika, mtoto hudumaa. Baadhi ya wagonjwa huharisha na kujaa gesi, lakini wengine hawana shida yoyote ya tumbo. Wana uchovu usioisha, vidonda vya mdomoni, upungufu wa damu usiosikia vidonge, vipele vya kuwasha viwikoni na magotini, au wamekaa katika ndoa miaka mingi bila kupata mtoto.

Daktari wa London, Samuel Gee, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1888 na akasema kwamba kama una tiba basi itatokana na chakula. Hakujua ni chakula gani. Aliyetegua kitendawili hicho ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Katika njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate ulitoweka Uholanzi, na watoto waliougua siliaki wakapata nafuu wakati wenzao wakikonda. Mkate uliporudi, nao wakarudi vitandani.

Usidhani haya ni maradhi ya Wazungu peke yao. Ulaya inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 100 anao, lakini kiwango kikubwa zaidi kilichopata kuandikwa kilipatikana Afrika, miongoni mwa watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi: zaidi ya watoto watano kati ya kila 100, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa 1999. Hapa kwetu hugunduliwa kwa nadra. Sababu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba hatuupimi. Nyingine ni kwamba aliyekulia muthokoi, ugali na wali hula gluteni kidogo tu, na ugonjwa hukaa kimya hadi ahamie mjini kwenye mkate na bia, au asafiri.

Bia ni nafaka

Chukua mfano wa dereva mmoja wa lori ambaye jina lake nalihifadhi. Hupakia mizigo Athi River na kuipeleka Kampala, mara nyingine hadi Kigali. Kwa miaka mitatu alikuwa akikonda na kupauka. Amemeza dawa za amiba na za minyoo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Damu yake ilipopimwa siliaki na kipande kidogo cha utumbo kikachukuliwa Nairobi, jibu likapatikana. Aliacha chapati, akapata nafuu, akaongeza kilo nne. Lakini kila alipotoka safari alirudi akiharisha. Nikamuuliza anakunywa nini njiani. Akanijibu kama wengi wanavyojibu: "Daktari, bia si chakula."

Bia ni chakula, tena ni nafaka. Shayiri hulowekwa hadi ichipuke, hukaushwa ikawa kimea, husagwa, ikatiwa maji moto ili wanga wake ugeuke sukari. Huongezwa hopsi za kuipa uchungu, kisha hamira huila sukari ile na kutoa kileo. Hamira haimalizi protini. Kenya Breweries ilianza kupika bia mwaka 1922, na shayiri ya viwanda vyetu hulimwa pande za Mau Narok, Timau na kwingineko penye baridi. Tusker ni shayiri. Guinness ni shayiri, na weusi wake hutokana na shayiri iliyokaangwa. Bia ikiwa nyepesi, nyeusi, kali au hafifu, kwa mgonjwa wa siliaki ni mamoja.

Na hapa ndipo asiyekunywa pombe huponzwa. Bia isiyo na kileo imetolewa kileo, haikutolewa gluteni. Soda za kimea, kama Malta Guinness, ni shayiri. Milo, Ovaltine na Horlicks zina kimea cha shayiri, na Horlicks ina ngano pia. Mwingereza naye ana sharubati yake ya ndimu iliyotiwa shayiri, ambayo kwa macho ni kama juisi yoyote ile. Huko Italia ukiagiza kahawa uwe mwangalifu, maana kipo kinywaji cheusi cha moto kinachouzwa katika mabaa yao ambacho ni shayiri iliyokaangwa tu, hakina hata punje moja ya kahawa.

Je, bia ya mtama? Sisi wa Ukambani tunaijua hadithi hii vizuri. Mtama mweupe aina ya Gadam, ambao watafiti wa Katumani wamekuwa wakiwahimiza wakulima kuupanda, umekuwa ukinunuliwa na watengenezaji wa bia, hasa kwa ajili ya Senator, bia ya bei nafuu iliyoanzishwa 2004. Uganda ina Eagle Lager, iliyoanza 2002 kwa mtama wa aina ya Epuripur. Mtama hauna gluteni, hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba bia inayoitwa ya mtama si lazima iwe ya mtama mtupu. Kiwanda huweza kuongeza kimea cha shayiri kwa ajili ya ladha, au kwa sababu kimea hicho kina vimeng'enya vizuri vya kugeuza wanga kuwa sukari.

Mfano mzuri ni wa Nigeria. Serikali ya huko ilipopiga marufuku shayiri ya kutoka nje mwaka 1988, viwanda vyote viligeukia mtama na mahindi, Guinness ikiwemo. Lakini Guinness ya Afrika Magharibi bado hutiwa kiasi cha maji mazito meusi yanayoletwa kutoka Dublin, na maji yale ni ya shayiri. Chupa ina jina moja Lagos na Dublin, nafaka zake ni tofauti, na kwa mgonjwa wetu hakuna iliyo salama kati ya hizo mbili. Basi bia ya mtama ihesabu kuwa ina gluteni mpaka lebo yenyewe iseme haina.

Kutoka Mlolongo hadi Kigali

Sasa tumfuate dereva wetu njiani, kuanzia Mlolongo, mji wa hapa Machakos uliopewa jina na foleni za malori.

Pombe nyingi za kienyeji za Afrika Mashariki hazina ngano wala shayiri, na jambo hili wagonjwa wengi hawalijui. Kaluvu ya Ukambani na muratina ya Wakikuyu hupikwa kwa asali au maji ya miwa na kuchachushwa kwa tunda la mwegea. Mnazi wa Pwani ni utomvu wa mti. Busaa ya magharibi mwa Kenya ni mahindi na kimea cha wimbi. Ukivuka Malaba ukaingia Tororo na nchi ya Wateso, utakuta ajono, ambayo Kampala huitwa malwa: ni wimbi iliyochachushwa, ikatiwa maji moto ndani ya chungu, wazee wakakizunguka na mirija yao mirefu. Tonto ya Waganda ni ndizi zilizokamuliwa na kuchanganywa na mtama. Urwagwa ya Rwanda na Burundi ni ndizi pia, na ikigage ni mtama. Ukishuka kusini kupitia Namanga, Wachaga wana mbege, ya ndizi na ulezi, ambao ndio wimbi letu. Ndizi, asali, miwa, mahindi, mtama na wimbi vyote havina gluteni.

Lakini usifanye haya kuwa kanuni kwamba cha kienyeji ni salama. Anayepanda kaskazini kupitia Moyale hadi Ethiopia atakaribishwa tella, pombe ya kienyeji kweli kweli, na mara nyingi nafaka yake ni shayiri au ngano. Hapo mgonjwa aombe tej, ambayo ni ya asali. Injera nayo huliwa kwa tahadhari. Nafaka yake ya asili, tefu, haina gluteni, lakini kuna wanaoichanganya na shayiri au ngano ili kupunguza gharama. Hata kwetu, mpikaji wa busaa aliyeishiwa na wimbi anaweza kutia unga wowote ulio karibu. Swali la kumuuliza si kama pombe yake ni ya kienyeji. Muulize kimea ni cha nafaka gani na kama umetiwa unga mwingine.

Kuna jambo jingine. Pombe hizi mara nyingi hupikwa kwa maji ambayo hujui yametoka wapi na kunywewa kwa mrija ambao umepita midomo kadhaa. Ukiharisha baada ya malwa, uwezekano mkubwa ni vijidudu na si gluteni. Nalisema kwa sababu nimewaona wagonjwa wanaotupia gluteni lawama ya kila kitu, wakachelewa kutibiwa homa ya matumbo.

Pombe kali

Hapa kuna habari njema inayowashangaza watu. Wiski hutengenezwa kwa shayiri, na vodka nyingine kwa ngano, lakini mgonjwa wa siliaki anaweza kuzinywa. Sababu ni namna zinavyokenekwa. Pombe iliyochacha huchemshwa, kileo hupanda kama mvuke, mvuke ukapozwa na kudondoka upande wa pili. Protini haigeuki mvuke. Hubaki chini ya mtungi pamoja na machicha. Coeliac UK, chama cha wagonjwa wa siliaki cha Uingereza kilichoanzishwa 1968, nacho hukubali kwamba pombe za kukenekwa hazina gluteni. Kwa hiyo jini, ramu, brandi, Uganda Waragi, Konyagi ya Tanzania na Kenya Cane yetu haziwi tatizo kwa upande huu. Tatizo huja kwa kinachochanganywa nazo baadaye: krimu, ladha za biskuti, au bia iliyomiminwa juu yake na rafiki mchangamfu.

Naomba usinielewe vibaya kuhusu chang'aa. Kukenekwa huondoa gluteni, hakuondoi methanoli. Mwezi Juni 2005, hapa hapa Machakos, watu zaidi ya 40 walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na baadhi ya walionusurika walipoteza macho. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe na kuuzwa kwa leseni, ikiwa ndani ya chupa yenye lebo. Isiyo na chupa wala lebo usiiguse, uwe na siliaki au usiwe nayo.

Ukiwa ng'ambo

Siku hizi si madereva tu wanaosafiri. Machakos ina wazazi wenye watoto wauguzi Uingereza, na wanafunzi walio Ujerumani na Marekani. Mzazi akienda kumtembelea mwanawe, jioni ya pili atapelekwa pabu, maana huko ndiko watu hukutania. Atakuta mabomba kumi ya bia kaunta, na karibu yote ni shayiri. Ujerumani ni hivyo hivyo: sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliamuru bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, na desturi hiyo bado ina nguvu. Bia zao nyeupe zenye povu jingi, na za Ubelgiji, zina ngano, na hizo ndizo mbaya zaidi kwako.

La kwanza la kuliza katika pabu ya Kiingereza ni saida, pombe ya matofaa. Hutengenezwa kwa tunda, si kwa nafaka, na hupatikana karibu kila pabu. Divai ya zabibu, nyekundu au nyeupe, haina shida. Lakini uwe macho na vinywaji vitamu vya chupa vyenye majina ya pombe kali. Smirnoff Ice inayouzwa Uingereza ina vodka. Ile ya Marekani hutengenezwa kwa kimea. Jina ni lile lile na nembo ni ile ile.

Halafu kuna bia zinazouzwa kama zisizo na gluteni, na hapa nitakawia kidogo, maana ndipo msafiri anapodanganyika bila mtu kumdanganya. Ziko za namna mbili. Ya kwanza hutengenezwa tangu mwanzo kwa nafaka isiyo na gluteni, kama Redbridge ya Marekani iliyo ya mtama. Ya pili, kama Daura ya Hispania, hutengenezwa kwa kimea cha shayiri kisha gluteni hupunguzwa kiwandani. Kipimo cha kimataifa ni kwamba kitu huitwa kisicho na gluteni ikiwa gluteni yake haizidi miligramu 20 kwa kilo. Ulaya hukubali bia za namna zote mbili ziandikwe hivyo zikitimiza kipimo. Marekani hairuhusu ile ya shayiri, kwa sababu maabara haiwezi kuipima kwa uhakika: katika kuchachuka protini hukatwakatwa, na vipande vyake huenda vikakikwepa kipimo hata kama bado vinaweza kuudhi utumbo.

Tufanye hesabu. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa miezi mitatu, zinatosha kuuharibu utumbo wa mgonjwa. Kipande kimoja cha mkate kina miligramu 2,000 hivi au zaidi, kwa hiyo 50 ni kombo tu. Bia iliyo kwenye ukomo wa miligramu 20 inakupa miligramu 10 katika chupa ya nusu lita. Chupa moja si neno. Chupa tano ni miligramu 50, na umefika kwenye kiwango kile cha madhara ukiwa unakunywa kitu kilichoandikwa kwamba hakina gluteni. Bia nyingi za aina hii zina kiasi kidogo kuliko ukomo huo, lakini wewe uliye kaunta huna maabara. Ushauri wangu ni huu: tafuta kwanza ya mtama au mchele. Ukiikosa, chupa moja ya ile ya shayiri inatosha, na kama una chini ya mwaka tangu ugunduliwe, iache kabisa hadi utumbo upone.

Iagize ikiwa ndani ya chupa na ifunguliwe mbele yako. Bia ya bomba hupita katika mipira iliyopitisha bia nyingine. Omba bilauri safi. Mezani, chunga zaidi chakula kuliko kinywaji: soseji za Kiingereza hutiwa makombo ya mkate, na viazi hukaangwa katika mafuta yaliyokaangia samaki waliopakwa unga wa ngano. Kwetu ni mafuta ya sambusa. Nyama choma, chumvi na kachumbari havina matata.

Namna ya kuuliza

Wengi huona haya kuuliza. Mwanamume mzima kumuuliza mhudumu wa baa kilichomo ndani ya bia, mbele ya wenzake, huonekana kama kudeka. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria inamtaka mwenye pabu au hoteli aweze kumwambia mteja kama chakula au kinywaji kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyodhuru watu, na nafaka zenye gluteni zimo. Hivyo mhudumu hatashangaa. Ataleta daftari au atamwita meneja. Katika maduka yao tafuta pia alama ya suke la ngano lililopigwa mstari.

Kwetu na kwa majirani, neno gluteni halitakusaidia baa. Taja nafaka. Sema: "Dada, samahani, pombe hii imepikwa kwa nafaka gani? Ina ngano au shayiri? Zikiingia tumboni naugua." Neno naugua lina uzito kuliko sipendi. Kisha usitegemee jibu peke yake, omba kuiona chupa. Ukikuta neno kimea au shayiri kwenye lebo, kwa lugha yoyote uliyoisoma, irudishe. Mhudumu akikujibu haraka mno kwamba hakuna shida, agiza soda au maji ya chupa.

Penye ugumu wa kweli ni nyumbani kwa wenyeji. Umekwenda ukweni kwa shughuli ya ntheo, au umealikwa kwanjula Uganda, na mzee anakumiminia kwa mkono wake. Kukataa kikombe cha mkwe ni neno zito, nami siwezi kukuambia ukae tu kimya ukinywe. Tuma ujumbe mapema kupitia kwa shangazi au msemaji wenu, kwamba kuna mmoja wenu ambaye daktari amemkataza ngano na shayiri. Wazee wetu wanaheshimu neno la daktari kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi asali haikosekani.

Ukiwa bado hujapimwa

Kama umesoma hadi hapa na kusema, "Kumbe ndiyo maana bia hunijaza tumbo," ngoja kwanza. Wengi wanaojaa gesi baada ya bia hawana siliaki. Kileo chenyewe huchoma tumbo, na chupa sita ni lita tatu za maji yenye gesi. Usiache ngano na bia kabla ya kupimwa, maana kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua ukiacha gluteni. Inapasa uwe unakula ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki sita kabla ya kutoa damu. Kwa mtu wa kwetu anayekula chapati Jumapili tu, hili ni muhimu sana. Damu ikionyesha dalili, daktari wa tumbo hupitisha kamera nyembamba kooni na kuchukua vipande vidogo vya utumbo.

Kwa aliyekwisha kugunduliwa, chupa moja iliyonywewa kwa bahati mbaya haiui. Tumbo huweza kusumbua kwa saa chache au siku kadhaa. Kunywa maji mengi, na ukiharisha sana tumia maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Usijinunulie Flagyl dukani, na ukiwa umeandikiwa dawa hiyo usiinywe pamoja na pombe. Homa, au damu kwenye choo, haitokani na gluteni: nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama uko Tororo au Kigali. Kipimo cha damu kirudiwe baada ya miezi sita hadi 12 ili ionekane kama kingamwili zinashuka. Wazazi, watoto na ndugu zako wa damu nao wapimwe, kwa sababu kati yao uwezekano wa kuwa na siliaki ni takriban mtu mmoja katika kila kumi.